Kifafa na Majina Yake: Somo kwa Kaya, Walimu na Watoa Huduma

Mtu anapofikishwa zahanati baada ya kuanguka na kutukutika mwili mzima, miongoni mwa mambo ya kwanza yanayoandikwa katika daftari la wagonjwa ni jina la kilichompata. Jina hilo huamua mengi yanayofuata: dawa atakayopewa, muda atakaoitumia, kama atapewa rufaa au atarudishwa nyumbani, na hata namna majirani watakavyomtazama tangu siku hiyo. Jina likikosewa, matibabu nayo hukosewa.

Kwa sababu hiyo, namna wataalamu wanavyougawa na kuuita ugonjwa wa kifafa si jambo la vitabuni peke yake. Mwaka 2017, na tena mwaka 2025, Chama cha Kimataifa cha Kupambana na Kifafa kilitoa mpangilio mpya wa majina unaochukua nafasi ya ule uliotumika kwa miongo mingi. Wapo watu ambao kadi zao za kliniki zina majina ya zamani, na wapo ambao kadi zao zina majina mapya wasiyoyaelewa. Somo hili linaeleza kilichobadilika, sababu ya mabadiliko hayo, na wajibu wa mwananchi katika kuhakikisha kwamba jina linaloandikwa kwenye kadi yake au ya mwanawe ni la kweli.

Maneno matatu yasiyo na maana moja

Kabla ya kuyaendea majina ya kimataifa, inafaa kuyatazama maneno ya nyumbani. Kiswahili kina maneno matatu ambayo watu wengi huyachanganya, ilhali kila moja linahusu hali yake na lina tiba yake.

La kwanza ni degedege. Hii ni mitukutiko inayompata mtoto mdogo, mara nyingi akiwa na homa kali. Degedege itokanayo na homa kwa kawaida huwapata watoto wenye umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Zamani, hasa sehemu za pwani, hali hii ilihusishwa na shetani mwenye umbo la ndege au nondo anayempitia mtoto usiku. Ilikuwapo pia imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hizo ziliwafanya wazazi waanze kwa kumfukiza mtoto na kumpaka dawa za kienyeji, na kumfikisha kituoni akiwa amekwisha zidiwa na malaria au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye degedege anahitaji kupimwa malaria na magonjwa mengine siku hiyo hiyo. Wengi wa watoto waliopata degedege ya homa hukua bila kuwa na kifafa.

La pili ni kifafa cha mimba. Mama mjamzito, kwa kawaida baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, hupanda shinikizo la damu, na asipotibiwa anaweza kukakamaa, kutukutika na kupoteza fahamu. Hali hii inaweza kumpata pia baada ya kujifungua. Ingawa jina lake lina neno kifafa ndani yake, si ugonjwa wa kifafa. Ni dharura ya uzazi, na tiba yake ni dawa ya magneziamu salfeti pamoja na kushusha shinikizo la damu na kumzalisha mama kwa wakati unaofaa. Mwanamke aliyepona kifafa cha mimba hapaswi kuitwa mwenye kifafa, wala kunyweshwa dawa za kifafa kwa miaka kwa sababu ya jina hilo tu. Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi: mama mjamzito anayetukutika kwa mara ya kwanza asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kwamba ni kifafa kitakachopita chenyewe.

La tatu ni kifafa chenyewe. Huu ni ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apatwe na mashambulio ya kujirudia, bila homa, bila mimba, na bila sababu nyingine ya papo hapo. Ndio unaohusika na mabadiliko ya majina yanayoelezwa hapa.

Shambulio ni nini, na kifafa ni nini

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Shambulio hutokea pale kundi la seli hizo linapotoa umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Kinachoonekana nje hutegemea sehemu ya ubongo iliyohusika. Umeme huo ukitokea kwenye sehemu inayoongoza mkono, mkono hucheza wenyewe. Ukitokea kwenye sehemu ya kumbukumbu au hisia, mtu huweza kupatwa na hofu ya ghafla au kusikia harufu isiyokuwapo. Ukienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa na kutukutika.

Shambulio moja peke yake halimfanyi mtu awe na kifafa. Mtu yeyote anaweza kupata shambulio kwa sababu ya malaria kali, sukari kushuka mno mwilini, kuumia kichwa, au kuacha ghafla pombe baada ya kuinywa kwa wingi kwa muda mrefu. Mashambulio ya namna hii huitwa mashambulio yaliyochochewa, na tiba yake ni kuondoa kichocheo.

Mwaka 2014 wataalamu walitoa maana ya kifafa inayotumika hadi sasa. Mtu huhesabiwa kuwa na kifafa akiwa na mojawapo ya hali tatu. Ya kwanza ni kupata mashambulio mawili au zaidi yasiyochochewa, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Ya pili ni kupata shambulio moja lisilochochewa, huku vipimo au historia yake vikionyesha kwamba uwezekano wa kupata jingine ndani ya miaka 10 ni mkubwa, yaani asilimia 60 au zaidi. Ya tatu ni kutambuliwa kuwa na aina maalumu ya kifafa inayojulikana kwa dalili zake, umri wa kuanza na vipimo vyake.

Maana hiyo ilileta pia jambo la faraja. Kwa mara ya kwanza ilielezwa ni lini mtu anaweza kuhesabiwa kwamba kifafa chake kimekwisha: asipopata shambulio lolote kwa miaka 10, na katika miaka 5 ya mwisho ya hiyo 10 awe hatumii dawa. Watoto wenye aina za kifafa zinazoisha kwa umri nao huhesabiwa hivyo wanapouvuka umri huo. Kifafa, kwa hiyo, si lazima kiwe jina la maisha.

Safari ya majina

Chama cha Kimataifa cha Kupambana na Kifafa kilianzishwa mwaka 1909 katika mji wa Budapest. Wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, madaktari walitumia majina mawili ya Kifaransa yenye maana ya “ugonjwa mkubwa” na “ugonjwa mdogo”. Ugonjwa mkubwa ulikuwa kuanguka na kutukutika. Ugonjwa mdogo ulikuwa kuduwaa kwa sekunde chache. Majina hayo yalipima ugonjwa kwa kishindo chake, hayakueleza chochote kuhusu ubongo. Watu wengine wengi hawakuingia katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Mwaka 1981 ulitolewa mpangilio ulioenea duniani kote, na mwaka 1989 ukaongezwa mpangilio wa aina za kifafa zenyewe. Hapo ndipo yalipotoka majina ambayo bado yamo katika vitabu na kadi nyingi: shambulio rahisi la sehemu, shambulio changamano la sehemu, na shambulio la sehemu lililosambaa baadaye. Mashambulio yaliyoanza pande zote mbili za ubongo kwa pamoja yaliitwa ya jumla.

Kasoro za majina hayo zilionekana kadiri miaka ilivyopita. Neno “rahisi” liliwafanya watu waone kwamba tatizo ni dogo, ilhali mtu anayepatwa na hofu au maumivu ya ghafla mara kadhaa kwa siku haoni urahisi wowote. Neno “changamano” halikumweleza mgonjwa wala ndugu zake kitu chochote. Lilikuwapo pia neno lililosema kwamba aina fulani za kifafa cha watoto “hazina madhara”. Wazazi walijua vinginevyo, kwa kuwa mtoto aliweza kurudi nyuma katika masomo na kukosa usingizi. Siku hizi aina hizo huitwa kifafa kinachoisha chenyewe, jina linalosema ukweli bila kuficha mzigo.

Mpangilio wa 2017 uliyaondoa maneno hayo. Ulianza na swali moja: shambulio limeanzia wapi katika ubongo? Jibu likiwa ni sehemu moja, lilifuata swali la pili: je, mtu alikuwa akijitambua wakati wote wa shambulio?

Mpangilio wa 2025 umeendeleza njia hiyo na kuirahisisha. Aina za mashambulio zilizokuwa 63 sasa zimepunguzwa hadi 21, nazo zimewekwa katika makundi makuu manne:

1. Shambulio la sehemu moja ya ubongo.
2. Shambulio la jumla, linalohusisha pande zote mbili za ubongo.
3. Shambulio ambalo haijajulikana kama ni la sehemu moja au la jumla.
4. Shambulio ambalo, kwa taarifa zilizopo, haliwezi kuwekwa katika kundi lolote.

Makundi mawili ya mwisho hayaonyeshi udhaifu wa mtoa huduma. Yapo ili asilazimike kubuni jina pale taarifa zinapokosekana. Jina lisilo la kweli likishaandikwa hunakiliwa kutoka kadi hadi kadi kwa miaka mingi, na ni afadhali kuandika “haijajulikana” na kuendelea kutafuta.

Kwa mwenye kadi ya zamani, ulinganisho ufuatao utamsaidia:

- Lililoitwa “ugonjwa mkubwa” sasa ni shambulio la kukakamaa na kutukutika. Huelezwa zaidi kama lilianza kwa sehemu moja au kwa pande zote.
- Lililoitwa “ugonjwa mdogo” sasa ni shambulio la kuduwaa.
- Lililoitwa “shambulio rahisi la sehemu” sasa ni shambulio la sehemu moja, ufahamu ukiwapo.
- Lililoitwa “shambulio changamano la sehemu” sasa ni shambulio la sehemu moja, ufahamu ukiwa umepungua.
- Lililoitwa “shambulio la sehemu lililosambaa baadaye” sasa ni shambulio la sehemu moja lililoenea pande zote na kuleta kukakamaa na kutukutika.

Kubadilika kwa jina kwenye kadi hakumaanishi kwamba ugonjwa umebadilika au umezidi. Wala hakuna sababu ya kuacha dawa iliyokuwa ikitumika.

Aliyeona ndiye shahidi

Mabadiliko mawili ya mwaka 2025 yanaigusa kaya moja kwa moja.

La kwanza ni kwamba mashambulio sasa hutenganishwa kwa kuangalia kama yana dalili zinazoonekana kwa macho au hayana. Pale panapohitajika maelezo ya kina, mtoa huduma hutakiwa kuziandika dalili hizo kwa mfuatano: kilichotangulia, kilichofuata, na kilichomalizia. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, na daktari hakuwapo. Anayeujua mfuatano huo ni mama, mke, mume, mwalimu au jirani aliyekuwa karibu.

La pili ni neno “ufahamu”. Mpangilio wa 2017 uliuliza kama mtu alikuwa akijitambua. Ule wa 2025 unauliza mambo mawili kwa pamoja: je, alikuwa akiitikia alipoitwa, na je, baadaye aliweza kukumbuka yaliyotokea? Haya ni mambo ambayo ndugu anaweza kuyapima bila kifaa chochote. Wakati wa shambulio amwite mgonjwa kwa jina, amwombe ainue mkono, kisha amtajie neno moja, kwa mfano “embe”. Shambulio likiisha, amuulize ni neno gani alitajiwa. Majibu hayo humsaidia mganga kuamua jina la shambulio.

Kipimo cha umeme wa ubongo na picha za ubongo vina manufaa yake, na hupatikana katika hospitali kubwa. Hata hivyo, kukosekana kwa vipimo hivyo katika zahanati hakuzuii kazi kuanza, kwa sababu maelezo mazuri ya shahidi ndiyo msingi wa kulitambua shambulio hata katika hospitali yenye vifaa vyote. Penye simu yenye kamera, picha ya video ya dakika moja, ikichukuliwa kwa ajili ya mganga peke yake na si kwa kusambazwa, ina thamani kubwa.

Kwa nini jina hubadili dawa

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwanafunzi wa darasa la tatu huacha kuandika katikati ya neno, hukodoa macho kwa sekunde kumi, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali hiyo humpata mara nyingi kwa siku. Mwalimu asiyejua humwona mzembe, na pengine humwadhibu. Nyumbani husemwa kwamba ana mawazo mengi. Kwa kuwa haanguki, hakuna anayekumbuka kifafa. Mtoto huyu anaweza kuwa na mashambulio ya kuduwaa, na kila shambulio humnyang'anya sentensi moja ya somo.

Sasa, tuseme mtoto huyo anafikishwa kituoni na kuandikiwa “kifafa” bila maelezo zaidi, kisha anapewa kabamazepini. Dawa hiyo ni nzuri kwa mashambulio ya sehemu moja ya ubongo, lakini inaweza kuzidisha mashambulio ya kuduwaa na yale ya misuli kushtuka ghafla. Mtoto atazidi kuduwaa, na familia itaamini kwamba dawa za hospitali hazifai. Kosa halikuwa katika dawa. Lilikuwa katika jina lisilokamilika.

Uangalifu wa namna hiyo unahitajika pia kwa wasichana na wanawake. Valproeti hufaa kwa aina nyingi za mashambulio, lakini ikitumiwa wakati wa ujauzito inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile na kuchelewa kwa akili. Kwa hiyo msichana au mwanamke mwenye uwezo wa kupata mimba anapaswa kuzungumza na mganga kuhusu dawa inayomfaa kabla ya kushika mimba. Aliyekwisha kuitumia asiiache ghafla. Aende kliniki ashauriwe.

Hata dawa zenyewe zimepewa jina jipya. Zamani ziliitwa dawa za kifafa. Leo wataalamu huziita dawa za kuzuia mashambulio. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika mwaka 1912 na bado inatumika, huzuia mashambulio kwa siku inayotumiwa. Haiondoi chanzo kilichomo katika ubongo. Mwenye kuelewa jina hilo hataacha dawa kwa sababu tu amekaa miezi mitatu bila kuanguka. Amekaa miezi mitatu kwa sababu ya dawa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mashambulio mfululizo yanayoua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linaeleza pia kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mashambulio wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Chanzo nacho kina jina

Zamani kifafa ambacho chanzo chake hakikuonekana kilipewa jina la kitaalamu lililomwacha mgonjwa bila jibu. Mpangilio wa sasa unataka chanzo kitafutwe tangu siku ya kwanza, na unataja aina sita: kovu au kasoro katika umbo la ubongo, kurithi, maambukizi, hitilafu ya kemia ya mwili, kinga ya mwili kuushambulia ubongo, na chanzo kisichojulikana bado. Uchawi na mapepo havimo katika orodha hiyo. Kuambukizwa kwa mate au povu la mgonjwa nako hakumo.

Sehemu kubwa ya vyanzo vinavyopatikana katika mazingira ya vijijini huweza kuzuilika. Mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, na majeraha ya kichwa ya ajali za bodaboda bila kofia ngumu, yote huweza kuacha kovu. Minyoo ya tegu ya nguruwe ni chanzo kingine: mtu akimeza mayai ya minyoo hiyo kwa chakula, maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi, viluwiluwi huweza kujikita katika ubongo. Choo bora, kunawa mikono, kufungia nguruwe na ukaguzi wa nyama ni kinga ya kifafa pia.

Tanzania ina nafasi yake katika historia ya kuvitambua vyanzo hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilayani Ulanga, mkoa wa Morogoro. Aliwakuta watu waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto. Aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara mithili ya mtu anayesinzia. Miaka mingi baadaye hali kama hiyo ilionekana kwa watoto wengi wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ikapewa jina la ugonjwa wa kusinzia kichwa. Watafiti wameonyesha uhusiano kati ya kifafa cha namna hiyo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kandokando ya mito iendayo kasi. Kwa hiyo, katika maeneo yenye usubi, kumeza ivamektini inayogawiwa kwa jamii ni sehemu ya kuwakinga watoto.

Dakika tano

Yapo mabadiliko ambayo hayakuhusu jina, bali saa. Zamani vitabu vingi vilisema shambulio la kukakamaa na kutukutika huwa la hatari likifikisha dakika 30. Mwaka 2015 mpaka huo uliwekwa wazi upya: likizidi dakika 5 ni dharura inayohitaji tiba mara moja, kwa kuwa uwezekano wa kukoma lenyewe hupungua, likifika dakika 30, ubongo unaweza kuwa umeanza kupata madhara ya kudumu.

Aliye karibu na mtu aliyeanguka afanye haya: aangalie saa, aondoe moto, maji na vitu vyenye ncha, aweke nguo laini chini ya kichwa, alegeze nguo za shingoni, na mitukutiko ikipungua amlaze mgonjwa ubavu ili mate yatoke. Asimtie kijiko, kitambaa wala vidole mdomoni. Asimzuie kwa nguvu, wala asimpe maji au dawa ya kunywa kabla hajazinduka kabisa. Shambulio likizidi dakika 5, likijirudia kabla hajazinduka, likimpata mjamzito, au likiwa la kwanza maishani, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Jina la mtu

Nchi kadhaa zimegundua kwamba hata jina la ugonjwa linaweza kumwumiza mgonjwa. Nchini Malaysia, jina la zamani la kifafa lilikuwa na maana ya “wazimu wa nguruwe”. Sasa hutumika jina lisilo na tusi. Huko Hong Kong na Korea Kusini, katika miaka ya karibu na 2010, majina ya zamani yaliyobeba maana ya wazimu yaliachwa, na yakachukuliwa mapya yanayotaja ubongo.

Kiswahili hakijahitaji kulibadili neno kifafa. Kinachohitaji kubadilika ni namna ya kulitumia. Mtu hapaswi kuitwa “yule wa kifafa”; ni mtu mwenye kifafa, kama alivyo mtu mwenye kisukari au mwenye shinikizo la damu. Katika hospitali nyingi nchini, watu wenye kifafa huhudumiwa katika kliniki ya afya ya akili, kwa kuwa ndipo walipo wataalamu waliofunzwa kuwahudumia. Hilo lisimfanye yeyote aone haya au aache kwenda. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kifafa kimo katika magonjwa ya mfumo wa neva.

Mambo ya kumweleza mganga

Kabla ya kwenda zahanati, kaya iandike au ikumbuke majibu ya maswali haya:

1. Shambulio lilianza saa ngapi, na lilidumu muda gani?
2. Mgonjwa alikuwa akifanya nini? Alikuwa na homa, njaa, ujauzito, au alikunywa pombe?
3. Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa nini? Kilianza upande mmoja au pande zote?
4. Aliitikia alipoitwa? Baadaye alikumbuka nini?
5. Alichukua muda gani kurudi katika hali yake?
6. Ni mara ya ngapi, na lini ilikuwa mara ya kwanza?
7. Ni dawa gani anazitumia, na je, aliruka siku yoyote?

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanafaa kwa mikutano ya kijiji, vikao vya wazazi shuleni na mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

1. Mama mwenye ujauzito wa miezi minane anatukutika kwa mara ya kwanza. Kwa nini si sahihi kusema “ana kifafa, atazinduka”?
2. Mtoto wa miaka miwili alipata degedege mara moja akiwa na malaria. Je, ana kifafa? Eleza kwa kutumia maana ya 2014.
3. Kadi ya kijana imeandikwa “shambulio changamano la sehemu”. Jina lake la sasa ni lipi, na ndugu zake wanaweza kumsaidia mganga kwa kuangalia nini?
4. Mwalimu ana mwanafunzi anayeduwaa mara kwa mara darasani. Hatua ya kwanza iwe ipi badala ya adhabu?
5. Mtu amekaa miezi sita bila kuanguka na anataka kuacha dawa. Jina “dawa za kuzuia mashambulio” linamfundisha nini?

Mwenye kadi yenye jina asilolielewa aende nayo kituoni siku yake ya kliniki na kumwomba mganga amweleze kwa maneno ya kawaida. Ni haki yake kujua jina la ugonjwa wake, na ni wajibu wa mtoa huduma kulieleza hadi lieleweke.